Kamera moja kwa picha na video: A7 IV, R6 Mark II, Z6III na S5 II zikipimwa ukumbini

Kamera yoyote ya kisasa itakupa picha nzuri saa kumi jioni ufukweni Kigamboni. Zinaachana ukumbini saa tatu usiku: taa za LED za zambarau, bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe, MC asiyetulia mahali pamoja, nasaha za wazee zinazokwenda dakika arobaini mfululizo, na umeme unaoweza kukatika katikati ya kukata keki. Saa hiyo ndiyo ninayoitumia hapa kuzilinganisha Sony A7 IV, Canon EOS R6 Mark II, Nikon Z6III na Panasonic Lumix S5 II.

Zote nne ni za fremu kamili (kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, kina ukubwa wa fremu ya filamu ya mm 35), na zote zinapiga picha mnato za RAW (faili ghafi) na kurekodi 4K ya 10-bit (yenye viwango vingi vya rangi) ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Zilipotoka, tatu za mwanzo ziliuzwa kwa takriban dola 2,500 na Lumix kwa dola 2,000. A7 IV ilitangazwa Oktoba 2021, R6 Mark II Novemba 2022, S5 II Januari 2023 na Z6III Juni 2024. Leo nyingi zinapatikana zikiwa zimetumika, na hapo ndipo wengi wetu tunanunulia.

Upande wa picha mnato tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. A7 IV ina megapikseli 33, nyingine zina 24 na kidogo. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 20 kwa 13 bila kuinyoosha. Hiyo inatosha albamu na fremu ya ukutani. Zile 33 zinakusaidia unapolazimika kukata picha kwa sababu ulikuwa nyuma ya ukumbi. Bei yake ni faili kubwa zaidi na kihisi kinachosomwa polepole, jambo nitakalolirudia kwa sababu lina madhara ukumbini.

Fremu 25 ziko sawa, fremu 50 haziko sawa

Kwa 4K ya fremu 25 kwa sekunde, kamera zote nne zinatumia upana wote wa kihisi. Zinasoma pikseli nyingi kuliko zinazohitajika kisha zinazipunguza: A7 IV inaanzia 7K, nyingine zinaanzia 6K. Video inatoka kali na safi, na kwenye TV ya sebuleni hakuna mteja atakayekwambia ipi ni ipi.

Ukitaka fremu 50, kwa ajili ya kupunguza mwendo maharusi wanapoingia, ndipo zinagawanyika. R6 Mark II na Z6III zinabaki na upana wote. A7 IV na S5 II zinatumia sehemu ya katikati tu ya kihisi, ukataji wa mara 1.5. Lenzi yako ya mm 24 inaona kama ya mm 36, na ya mm 35 inaona kama ya mm 52. Ukiwa umebanwa ukutani na meza za wageni mbele yako, huna pa kurudi nyuma. Pia eneo dogo la kihisi linakusanya mwanga mdogo, kwa hiyo chenga (nukta nukta zinazochafua picha) zinaongezeka kama stopu moja hivi; stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu. Dawa yake ni kubeba lenzi pana yenye f/2.8 (tundu kubwa la mwanga), kwa mfano Tamron 17-28 kwa Sony au Sigma 16-28 kwa Sony na Lumix, ambayo ikikatwa inafanya kazi kama ya 24 au 25 hadi 42. Ukiihesabu gharama ya lenzi hiyo, unafuu wa bei ya S5 II unapungua.

S5 II inalipa kwa njia nyingine. Inarekodi kihisi kizima cha 3:2, pikseli 5952 kwa 3968, kwa fremu 25 au 30. Kutoka faili hiyo moja unakata video ya mlalo ya TV na video ya wima ya simu, na ile ya wima inabaki na upana wa pikseli 2232, zaidi ya HD kamili. Wateja sasa wanataka vyote viwili siku hiyo hiyo: filamu ya harusi na vipande vya kuweka status. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake bila msaidizi wa kamera ya pili, kitu hiki kina thamani kuliko fremu 50 za upana wote. Sharti lake ni kwamba unapopanga picha uache nafasi juu na chini, na kichwa cha mhusika kikae karibu na katikati ya upana; ukimweka pembeni kabisa, toleo la wima litamkata.

Umeme wetu ni hertz 50, na kamera nyingi zinakuja zikidhani ni 60

Mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye video za ukumbini husababishwa mara nyingi na jambo moja tu: shata, yaani muda ambao kihisi kinapokea mwanga. Taa za umeme wa hertz 50 zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inakusanya mizunguko miwili kamili ya mwanga, ya 1/100 inakusanya mmoja kamili, kwa hiyo kila mstari wa picha unapata mwanga ule ule. Shata ya 1/60 inakusanya mzunguko mmoja na kipande, na hicho kipande ndicho kinachokuwa mkanda. Kamera zilizoletwa kutoka Marekani au Japani mara nyingi zimepangwa kwenye mfumo wa NTSC, zinakupa fremu 30 na 60, na mtu anachagua 1/60 kwa sababu aliambiwa shata iwe mara mbili ya fremu.

Badilisha mfumo kwanza. Sony na Canon zina chaguo la PAL (mfumo wa hertz 50) kwenye menyu. Lumix inaliita masafa ya mfumo, weka 50.00Hz kisha uzime na kuwasha. Nikon huhitaji kubadili chochote, unachagua 25p au 50p moja kwa moja kwenye orodha. Baada ya hapo: fremu 25 na shata 1/50, fremu 50 na shata 1/100. Ukilazimika kurekodi fremu 30 kwa sababu mwenzako wa kamera ya pili anatumia 30, tumia 1/50 au 1/100, usiguse 1/60. Ukirekodi fremu 100 za mwendo wa taratibu chini ya taa za ukumbi, weka 1/100. Ukipanda hadi 1/200, mikanda inaweza kutokea kwenye video hata kama fremu zenyewe zinalingana na umeme.

Taa za DJ na ukuta wa LED nyuma ya jukwaa ni ugonjwa tofauti. Hizo zinazimwa na kuwashwa kwa kasi kubwa isiyo na uhusiano na umeme wa ukutani, na kila kampuni ina kasi yake. Kamera zote nne zina njia ya kurekebisha shata kwa vipande vidogo sana mpaka mikanda ipotee: Sony inaiita shata geugeu ndani ya menyu ya kuzuia mpepeso, Canon na Nikon zina kizuia mpepeso cha masafa ya juu, Lumix ina Synchro Scan. Fanya marekebisho hayo mapema, DJ anapojaribu taa zake, ukitazama skrini huku ukizungusha gurudumu polepole. Wageni wakishakaa hutapata nafasi.

Kwa picha mnato kosa la kawaida ni kutumia shata ya kielektroniki ili kamera isilie wakati wa dua au ibada. A7 IV inachukua takriban 1/15 ya sekunde kusoma kihisi chote kutoka juu hadi chini. Ndani ya muda huo taa imewaka na kufifia mara sita au saba, na picha inatoka na mistari kama godoro. S5 II ni karibu 1/20. R6 Mark II na Z6III ziko karibu 1/70, bora zaidi mchana na kwa watu wanaocheza, lakini chini ya taa mbaya hata hiyo haitoshi. Ukumbini tumia shata ya kawaida ya mapazia, na flashi yako nayo itakushukuru.

Ngozi nyeusi, gauni jeupe

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na hakuna bodi itakayokuokoa usipojua unachofanya. Kipima mwanga cha kamera kinapoona gauni kubwa jeupe kinapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Tofauti kati ya uso mweusi na kitambaa cheupe ni stopu tatu au zaidi. Lazima uchague kipi unakilinda, na jibu ni uso. Gauni likaribie kuungua bila kuungua.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema weka zebra (mistari ya skrini inayoonyesha sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga) kwenye asilimia 70 kwa ajili ya ngozi. Kiwango hicho kilitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Ukiupandisha uso mweusi hadi 70 unapoteza rangi yake, unaonekana wa kijivu uliopauka, na gauni limeshaungua. Kwa picha ya kawaida isiyo ya log, weka zebra ya kwanza kwenye 50 ikiwa na upana wa 5 juu na chini, na uangalie mistari itokee kwenye paji la uso na juu ya mashavu. Kwa ngozi nyeusi sana shuka hadi 40 au 45. Zebra ya pili iwe 95 au zaidi kwa ajili ya gauni. Ikiwaka kwenye shanga na vitambaa vinavyong'aa tu, uko salama. Ikiwaka kwenye kifua chote cha gauni, punguza nusu stopu.

Kuhusu log (namna ya kurekodi picha bapa ili uirekebishe rangi baadaye): S-Log3, C-Log3, N-Log na V-Log zote ni nzuri mchana, palipo na jua kali na kivuli kwa pamoja. Usiku ukumbini sizipendekezi isipokuwa una taa zako mwenyewe. Mwanga unapokuwa mdogo, log inakupa picha bapa yenye chenga, na unapoirudishia rangi unazirudisha chenga pamoja nayo. Kwa A7 IV tumia S-Cinetone, mpangilio wa rangi uliomo ndani ya kamera. Inachukulia rangi ya ngozi kwa upole na haihitaji kazi kubwa baadaye. Lumix ina kitu kizuri zaidi: unaweza kupakia LUT yako (faili ya kubadili rangi) kwenye kamera na ikaichoma ndani ya faili wakati wa kurekodi, kwa picha mnato za JPEG pia, kwa hiyo video na picha zinatoka na rangi moja. S5 II katika V-Log ina ISO (usikivu kwa mwanga) mbili za msingi, 640 na 4000. Ukifika 2500 mpaka 3200 na bado ni giza, ruka moja kwa moja hadi 4000. Chenga zitapungua badala ya kuongezeka.

Z6III inahitaji onyo hapa. Kihisi chake kinasomwa haraka kwa sababu ya muundo wake wa tabaka nusu, na hiyo ndiyo siri ya kurekodi RAW ya 6K hadi fremu 60 ndani ya bodi. Kasi hiyo ina gharama yake: kwenye ISO 100, ukijaribu kuinua vivuli stopu tatu au nne, vinatoka na chenga zaidi kuliko vya wenzake. Mpiga picha wa harusi za mchana anayezoea kupiga giza ili kulinda gauni kisha kuinua uso kwenye Lightroom ataiona tofauti hiyo. Ukiweka mwanga sawasawa tangu mwanzo, haipo.

Jambo moja zaidi kuhusu rangi. Funga mizani ya weupe (kipimo cha rangi ya mwanga, kwa Kelvin) kwa namba. Ukiiacha ijiendeshe, kila DJ anapobadili rangi ya taa uso wa mtu unahama kutoka njano hadi bluu katikati ya sentensi. Ukitumia taa yako ya 5600K, weka 5600. Kama ni taa za ukumbi tu, anza na 4000 kisha tazama uso.

Fokasi

Canon na Sony bado ziko mbele kwa kushika jicho la mtu anayetembea kuelekea kamera, Nikon iko karibu nazo. S5 II ilikuwa Lumix ya kwanza kuwa na fokasi ya awamu (inayojua upande wa kusogea bila kupapasa), na ule mpumuo wa nyuma na mbele uliowachosha watu kwenye matoleo ya zamani umekwisha, ila ukumbini wenye moshi inasita kidogo kuliko hizo nyingine.

Kilicho muhimu ni kubadili mipangilio kulingana na tukio. Wakati wa nasaha, mgeni mwenye simu atapita mbele ya lenzi, hilo ni hakika. Kwenye Sony weka usikivu wa kuhama mhusika kwenye 1 au 2 kati ya 5, na kasi ya mpito kwenye 3 kati ya 7. Kamera itamsubiri mzungumzaji badala ya kumfuata mpita njia. Canon ina mpangilio kama huo kwenye menyu ya fokasi ya video, peleka upande wa kushikilia. Maharusi wanapoingia, rudisha usikivu kwenye 3 na kasi kwenye 5. Hifadhi seti hizo mbili kwenye namba za gurudumu ili usitafute menyu gizani.

Joto, kadi, betri

Kamera inachemka kwa sababu kihisi na prosesa zinafanya kazi mfululizo ndani ya bodi iliyofungwa dhidi ya vumbi. S5 II ndiyo pekee hapa yenye feni, na kwa hafla ndefu za joto la Dar au Mombasa hilo pekee linaweza kuamua ununuzi. Inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe. A7 IV na R6 Mark II zinavumilia fremu 25 vizuri ndani ya ukumbi, lakini fremu 50 mfululizo, au jua la mchana likipiga moja kwa moja juu ya bodi nyeusi, zitakuonyesha alama ya kipimajoto. Ingia menyu ya kuzima kwa joto na uipandishe kwenye kiwango cha juu. Kiwandani imewekwa chini. Fungua skrini iachane na bodi ili joto lipumue. Nje, funika bodi kwa kitambaa cheupe, na usirekodi fremu 50 kwa hotuba ambayo hutaipunguza mwendo.

Kuhusu kadi, hesabu ni rahisi: gawanya megabiti kwa 8 upate megabaiti kwa sekunde. A7 IV kwenye 4K ya fremu 25, 10-bit 4:2:2 (inayohifadhi rangi nyingi zaidi) ya kawaida, inaandika megabiti 140, yaani megabaiti 17.5 kwa sekunde na GB 63 kwa saa. Kadi ya V30 (inayohimili megabaiti 30 kwa sekunde) inatosha kabisa, na GB 128 inabeba saa mbili. Kihisi kizima cha S5 II ni megabiti 200, GB 90 kwa saa. V30 bado inatosha, ingawa V60 inatuliza roho. Ukiingia kwenye All-Intra ya Sony (kila fremu inahifadhiwa kamili) ya fremu 50, megabiti 500, unahitaji V90 au CFexpress Type A, na kwa harusi sioni sababu. A7 IV na S5 II zinaweza kurekodi video kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Washa kipengele hicho kila kazi ya kulipwa. Z6III ina nafasi moja ya CFexpress Type B na moja ya SD, kwa hiyo unanunua aina mbili za kadi na visomaji viwili.

Kadi bandia zimejaa sokoni. Kabla ya kuitumia, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac. Inachukua muda, lakini kadi iliyoandikwa 128 ambayo ndani ni 32 itaandika juu ya faili zako bila kukupa onyo lolote.

Betri za zote nne zinakaribiana: NP-FZ100 ya Sony ni mAh 2280, LP-E6NH ya Canon 2130, EN-EL15c ya Nikon 2280, DMW-BLK22 ya Lumix 2200. Kwa hafla ya usiku hesabu betri tatu. Zote zinapokea umeme kwa USB-C zikiwa kazini, lakini Canon haikubali power bank ya kawaida. Inataka yenye Power Delivery inayotoa volti 9 kwa ampea 3. Umeme ukikatika na ukumbi ukabaki na jenereta, power bank kama hiyo iliyofungwa kwenye mguu wa tripodi inakufikisha mwisho wa hafla.

Lenzi zinakula bajeti kuliko bodi

Sony ina uwanja mpana: Tamron 28-75 f/2.8 G2 na Sigma 24-70 zinafanya kazi ya lenzi ya Sony kwa bei ya chini sana. Lumix inatumia L-mount (aina ya mlango wa lenzi) pamoja na Leica na Sigma, na Sigma 28-70 f/2.8 ni ndogo na nyepesi, inakaa vizuri kwenye gimbali. Nikon Z ina Tamron 35-150 f/2-2.8, ambayo kwa harusi inaweza kukaa kwenye bodi tangu maandalizi hadi keki. Canon imekuwa mgumu: lenzi za RF (mlango wake mpya) za fremu kamili zenye fokasi ya kujiendesha karibu zote ni za Canon mwenyewe, na Sigma na Tamron waliporuhusiwa mwaka 2024 ilikuwa kwa lenzi za APS-C (kihisi kidogo zaidi) tu.

Lakini Canon ina silaha ambayo watu wa huku tunaielewa. Kwa adapta ya EF-EOS R, lenzi za zamani za EF zinafanya kazi kwenye R6 Mark II kama zimezaliwa nayo, jicho linashikwa vizuri hata kwa video. Afrika Mashariki imejaa EF 50 f/1.8 STM, EF 24-70 f/2.8 na EF 70-200 zilizotumika. Mwenye mfuko wa lenzi hizo asihame kampuni. Anunue bodi na adapta. Tahadhari ni kwamba mota za USM za zamani zinasikika kwenye maiki ya kamera, kwa hiyo sauti itoke kwingine.

Mchana, ukitumia log yenye ISO 800, utahitaji kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) kikali kuliko unavyodhani. Jua kali, shata 1/50, ISO 800 na f/2.8 ni mwanga uliozidi kwa stopu tisa. Kichujio geugeu cha stopu 2 hadi 5 hakifiki, na ukikizungusha mpaka mwisho kinachora msalaba mweusi kwenye lenzi pana. Chukua cha stopu 6 hadi 9, au funga tundu hadi f/8 na utumie ND64 (stopu 6).

Sauti na kompyuta

Waya wa miksa ya DJ usiuchomeke moja kwa moja kwenye tundu la maiki. Miksa inatoa ishara kubwa mara nyingi zaidi ya maiki na sauti itapasuka hata ukishusha kiwango cha kamera hadi 1. S5 II na Z6III zinakuruhusu kubadili tundu hilo liwe la line, linalopokea ishara kubwa. Kama kamera yako haina chaguo hilo, tumia kinasa sauti kidogo kando au waya wenye kipunguza ishara. Maneno yakifika kilele yawe karibu na -12 dB, kwa sababu MC akipiga kelele za shangwe ataongeza kumi nyingine. Angalia pia tundu la HDMI: R6 Mark II ina lile dogo kabisa, ambalo hulegea mtu akijikwaa na waya. Nunua kishikilia waya siku ile ile unayonunua monita. Nyingine tatu zina HDMI ya ukubwa kamili.

Faili za H.265 za 4:2:2 10-bit zinakwama kwenye kompyuta nyingi zenye kadi nzuri ya michoro, jambo linalowachanganya watu. Kadi za NVIDIA kabla ya RTX za 50 hazifungui aina hiyo kwa maunzi. Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zenye michoro ya ndani zinaifungua, na Mac za M1 na kuendelea pia. Kama mashine yako haimo humo, tengeneza proksi (nakala nyepesi) za 720p usiku na uhariri kwa hizo asubuhi. A7 IV inaweza kuzirekodi yenyewe sambamba na faili kuu.

Kwa uamuzi wangu, mtu anayeanza bila lenzi yoyote na anayefanya zaidi video za hafla ndefu, aende S5 II. Mwenye lenzi za EF, R6 Mark II bila kusita. Anayepata pesa nyingi zaidi kwa picha mnato na anataka soko pana la lenzi zilizotumika, A7 IV. Z6III ni ya anayefanya matangazo na video za muziki, anayehitaji RAW na mwendo wa taratibu wa upana wote, na ana diski za kuhifadhia. Sony a6700, Fujifilm X-S20 na Canon R8 ni kamera nzuri sana za bei nafuu, lakini zote tatu zina nafasi moja tu ya kadi, na harusi haina marudio. Ziwe kamera ya pili. R8 pia haina utulizaji wa mtikisiko ndani ya bodi na betri yake ya LP-E17 ni mAh 1040, nusu ya ile ya R6 Mark II.

Ukinunua iliyotumika, Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, nenda na kadi yako, lenzi yako na nusu saa. Rekodi 4K dakika ishirini mfululizo ukiwa hapo hapo dukani. Tikisa waya wa HDMI na wa USB-C uone kama picha inakatika. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone vumbi. Kisha funika lenzi, weka ISO 3200, rekodi sekunde thelathini na uikuze kwenye skrini: tafuta nukta zisizohama na mistari ya rangi ya kijani au zambarau inayokata fremu kutoka juu hadi chini. Mistari hiyo ni alama ya leza ya ukumbini iliyoingia moja kwa moja kwenye kihisi. Haisafishiki, hairekebishwi kwa programu, na tiba yake ni kubadili kihisi chote, kazi inayoweza kula sehemu kubwa ya bei ya bodi. Ukiiona, rudisha kamera mezani hata kama muuzaji anashusha bei.